Mtoto Anapoacha Kulia

Kila ninapoingia zamu, kabla sijagusa jalada la mgonjwa hata mmoja, husimama mlangoni mwa wodi nikasikiliza. Wodi ya watoto haina utulivu: mmoja analilia maziwa, mwingine hataki kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, wa tatu ameamshwa na kilio cha wa pili. Hao wote nawapita kwa moyo mwepesi. Anayelia kwa nguvu ana pumzi ya kulilia, damu inamfika kichwani, na bado anaamini kuna mtu atakayemsikia. Ninayemtafuta kwanza ni yule aliyenyamaza huku macho yake yako wazi.

Nimeuguza watoto wagonjwa na majeruhi kwa miaka mingi, na jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba kilio cha mtoto ni kipimo, kama lilivyo joto la mwili na mapigo ya moyo. Kunyamaza kwake nako ni kipimo. Mtu mzima atakwambia kifua kinambana. Mtoto wa miezi minane hana maneno hayo, ana mwili tu, na muuguzi asiyejua kuusoma atapata habari ikiwa imeshachelewa.

Mimi huanza na pumzi, tena kwa macho kabla ya mikono. Namwacha mtoto mapajani kwa mama, namwomba mama ainue nguo kidogo nione kifua na tumbo, kisha nahesabu kwa dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha mara nne. Kwa mtoto mchanga hesabu hiyo hudanganya, maana yeye hupumua kwa mafungu: haraka, taratibu, kisha anatua kidogo. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kila muuguzi wa watoto anapaswa kuvijua kwa moyo: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi, kuanzia miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi, kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto awe ametulia unapohesabu. Akilia au akinyonya, subiri.

Namba peke yake haitoshi. Natazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, kama pua zinatanuka, kama kichwa kinatikisika kwa kila pumzi. Nasikiliza mguno mfupi mwishoni mwa kila pumzi. Mama wengi hudhani mtoto anaguna kwa sababu ya tumbo, lakini mguno ule ni mapafu yanajaribu kubakiza hewa yasinywee.

Sasa, hili ndilo ninalowasisitizia wauguzi wageni hadi wanalikariri. Mtoto mwenye nimonia alikuwa anapumua mara 68 kwa dakika usiku, analia, anahangaika. Alfajiri amefika 38, kimya. Anayesoma karatasi tu atafurahi. Mimi nitakimbilia kitandani. Je, anamtazama mama yake? Ananyonya? Akiguswa anakasirika? Kama majibu ni ndiyo, kweli amepata nafuu. Kama amelegea na macho hayamfuati mtu, basi misuli ya kupumulia imechoka, na kinachofuata pumzi kupungua ni pumzi kukoma. Mtoto kama huyo anahitaji oksijeni na daktari dakika hiyohiyo, na mfuko wa kupumulishia uwe tayari pembeni.

Kwa nini achoke upesi hivyo? Chukua njia ya hewa ya kichanga yenye upana wa milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 pande zote unaacha milimita 2, yaani nafasi ya hewa kupita inabaki robo tu ya ilivyokuwa. Kwa koo la mtu mzima uvimbe huo ni usumbufu. Kwa kichanga ni kazi ya kutoa jasho usiku kucha. Tena katika miezi ya mwanzo kichanga hutegemea zaidi pua kupumua, ndiyo maana kumsafisha kamasi kabla ya kunyonya, kazi inayoonekana ndogo, inaweza kumrudishia hamu ya maziwa papo hapo.

Damu nayo ina udanganyifu wake. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo wa kilo 5 ana mililita 400 hivi mwilini mwote. Akipoteza mililita 100, ameshapoteza robo, na kitambaa kilicholowa ambacho kwa mtu mzima kisingekushtua kinapaswa kukushtua. Ila shinikizo lake la damu linaweza kubaki la kawaida kabisa, kwa sababu mishipa yake hujibana na moyo hukimbia ili kufidia. Likija kushuka, huporomoka. Kwa hiyo siingojei mashine ya shinikizo iniambie. Nagusa mikono na miguu: kama ni ya baridi huku kifua kina joto, nashtuka. Nabonyeza ukucha au kifua kwa sekunde chache, naachia, nahesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 3 ni hatari. Natazama nepi. Gramu moja ya mkojo ni sawa na mililita moja, kwa hiyo nepi iliyopimwa kwenye mizani inaniambia kama figo zinapata damu.

Kwa mtoto aliyeungua, kichwa cha kichanga peke yake ni karibu asilimia 18 ya ngozi yote, mara mbili ya kichwa cha mtu mzima, na kipimo cha haraka cha ukubwa wa jeraha ni kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni karibu asilimia 1. Jeraha jipya hupozwa kwa maji yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20, na kufanya hivyo bado kuna faida hadi saa 3 baada ya kuungua. Lakini unapolipoza jeraha, mfunike mtoto sehemu nyingine zote. Watoto hupoteza joto upesi, na nimeshapokea mtoto aliyepozwa vizuri mkono huku mwili mzima unatetemeka.

Kuna wakati kilio ndicho cha hatari. Mtoto aliyefungwa plasta ngumu baada ya kuvunjika mkono maumivu yake yanapaswa kupungua siku hadi siku. Akizidi kulia badala ya kupungua, akidai dawa ya maumivu mara kwa mara, akipiga kelele ukimnyoosha vidole, usimwite mtundu wala usiongeze tu dawa ukaondoka. Huenda misuli imevimba ndani ya plasta na damu haipiti. Daktari wa mifupa aitwe, na plasta ikatwe hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu misuli iliyokosa damu kwa saa kadhaa hairudi.

Kuhusu maumivu kwa jumla, taaluma yetu ina deni kwa watoto. Kwa miongo mingi watoto wachanga walifanyiwa upasuaji wakiwa na dawa kidogo sana ya usingizi, au wamelegezwa misuli tu, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa kiasi cha kuhisi. Mwaka 1987 daktari wa watoto Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa moyo: waliopewa dawa kali ya maumivu miili yao ilihangaika kidogo na walipata matatizo machache kuliko wenzao ambao hawakupewa. Nikikumbuka kwamba mwaka huo si wa mbali, najua kwa nini sipendi kusikia muuguzi akisema "huyu ni mdogo, atasahau."

Asiyeweza kusema tunampima kwa kumtazama. Tunaangalia uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Kipimo hicho kilitoka mwaka 1997 na bado nakitumia kila siku, isipokuwa nina onyo moja. Mtoto mwenye maumivu ya muda mrefu hujifunza kutojisogeza. Analala kama gogo, hachezi, hatazami mlango ukifunguliwa, nasi tunamsifu kwa upole wake. Mpe dawa ya maumivu ipasavyo, urudi baada ya saa moja. Kama ameketi na anataka kuchezea kalamu yako, upole ule ulikuwa maumivu.

Sindano zenyewe nazifanya mbali na kitanda, kwenye chumba cha tiba, ili kitanda kibaki mahali ambapo hakuna anayemdhuru. Mtoto anakaa mapajani, amekumbatiwa, hajalazwa na kushikwa na watu wanne. Kichanga ananyonya, au anawekewa matone ya maji ya sukari ulimini dakika 2 kabla. Aliyeanza kuelewa namwambia ukweli: itauma kidogo, unaruhusiwa kulia, ila mkono ubaki hapa. Simwambii haitauma. Nikimdanganya mara moja, kila atakayekuja baada yangu atalipa.

Ukimya wa aina nyingine tulijifunza kwa njia mbaya. Katikati ya karne iliyopita hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto saa chache kwa wiki, na nyingine kwa majuma kadhaa ziliwazuia kabisa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wakija watoto hulia wakiondoka, wasipokuja wodi inatulia. James Robertson, mtafiti aliyefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby jijini London, alikaa wodini akawatazama watoto hao. Aliona kwanza mtoto anapinga kwa kilio, kisha anakata tamaa, kisha anaonekana amezoea. Wauguzi waliiita hatua ile ya mwisho kutulia. Robertson alionyesha kwamba mtoto ameacha kumtegemea mtu. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Harry Platt, ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto muda wowote, na mama wa wadogo walale nao hospitalini.

Kwa hiyo mzazi wodini kwangu si mgeni. Ndiye chombo nyeti kuliko vyote tulivyo navyo. Mama akiniambia, "Sista, leo mwanangu siye," sina haki ya kumjibu kwamba vipimo viko sawa. Namuuliza siye kivipi, na naandika maneno yake kwenye jalada kama alivyoyasema. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2024, hospitali zimeanza Kanuni ya Martha, inayomruhusu mzazi mwenye wasiwasi kuita timu nyingine ya wataalamu imwangalie mwanawe upya. Naiunga mkono kwa moyo wote. Nilishawahi kumwona mama akinyamazishwa na mtaalamu kwa sababu namba zilikuwa nzuri, na mchana wake mwanawe akaanza degedege. Sijamsahau mama yule.

Dawa nitazigusa kidogo tu, ingawa zinastahili makala yake. Kila kitu ni uzito, kwa hiyo mtoto apimwe, asikadiriwe pale mizani ipo. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo: mwenye kilo 12 anapata miligramu 180. Chupa yenye miligramu 120 ndani ya mililita 5 itatoa mililita 7.5, yenye miligramu 250 ndani ya mililita 5 itatoa 3.6. Dozi ni ileile, vipimo viwili tofauti, na zote ni dawa tamu ya maji. Ndiyo maana nasoma chupa kwa sauti na mwenzangu anahesabu upya bila kutazama jibu langu. Nukta ikikosewa, mtoto anapata dozi mara kumi.

Na kuna watoto ambao ukimya wao ni wa siku nyingi: wenye utapiamlo mkali. Hawalii hata kwa njaa. Mwili umezima kila kisicho cha lazima, hata homa huweza isipande wakati maambukizi yamejaa. Kwao kazi yetu ni saa na kijiko. Maziwa ya F-75, maziwa maalumu ya kuanzia tiba ya utapiamlo, kidogo kidogo kila baada ya saa 2, baadaye 3, usiku na mchana, kwa sababu sukari hushuka alfajiri na mtoto aliyeachwa alale hadi asubuhi anaweza asiamke. Tunamfunika, tunamweka kifuani kwa mama, tunasubiri.

Mmoja wa hao, wa mwaka mmoja na nusu, alikaa kwetu siku tano bila kutoa sauti. Nilimbadilishia mrija wa kulishia siku ya pili, akatazama dari. Siku ya sita nilikuja na sindano ya dawa asubuhi, akaniona nikiwa bado mbali, akaficha uso kifuani kwa mama yake, akalia hadi kitanda cha tatu wakaamka. Mama yake aliona haya, akamkemea, "Nyamaza, sista anakusaidia."

Nilimwomba amwache. Niliweka trei chini, nikaketi pembeni yao, nikamsikiliza kwanza.