Chimba shimo kwanza, mche utafuata

Masika yakikaribia, swali tunaloulizwa zaidi kitaluni ni, "Mna mti gani unaokua haraka?" Nasi huuliza: hapo unapotaka kupanda, ukichimba unakuta nini?

Mwaka mmoja mama mmoja wa nje kidogo ya Morogoro aliniita nikamwangalizie miparachichi yake. Ilikuwa na miezi 8, majani yamenyauka, na yeye kwa huruma akawa anaizidishia maji. Tuling'oa mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, ganda lake linabanduka ukilishika kwa vidole, na harufu ya uvundo. Mche ule haukuwa na kiu, ulikuwa umezama. Mizizi nayo huhitaji hewa, na maji yaliyotuama huifukuza hewa udongoni, kisha vimelea vya kuozesha mizizi vikapata pa kuanzia.

Kwa hiyo chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji jioni, ulitazame kesho yake. Maji yakiwa bado yamo, usipande hapo mparachichi, mpapai, mlonge wala mtiki. Hata mwarobaini, mti tunaousifu kwa ugumu, huvumilia ukame lakini hufa kwa maji kutuama.

Kisha chukua konzi ya udongo huo, uloweshe, uviringishe. Ukikataa kuviringika ni kichanga. Ukiviringika lakini ukakatika unapoupinda, ni tifutifu, nawe una bahati. Ukipinda hadi ukawa pete, ni mfinyanzi.

Mfinyanzi mweusi wa mbuga ndio unaowatesa watu wengi. Masika huvimba na kunata kwenye jembe. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyufa hizo hukata mizizi michanga. Hapo usishindane nao. Tazama kilichoota chenyewe: mara nyingi utaona migunga, na jamii hiyo ndiyo ya kuanzia. Kama ni lazima upande mti wa matunda, uinulie tuta.

Sehemu kavu kama Dodoma, mwarobaini, mkwaju na mjohoro hustahimili, na kwa ua, minyaa. Lakini mti wa ukame nao huanza maisha ukiwa mche. Uchimbie kisahani cha kukinga maji ya mvua, utandaze nyasi kavu, ila zisiguse shina, maana mchwa hupitia hapo. Pwani penye mchanga na upepo wa chumvi, mvinje hauna mpinzani. Ndani kidogo, mikorosho ya Mtwara na Lindi inaonyesha kichanga kirefu kinavyoweza kulisha familia.

Jambo moja nawasihi sana: msipande mikaratusi kwenye chemchemi. Hunywa maji mengi. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kandokando ya mito na vyanzo vingine vya maji. Eneo hilo tuiachie mikuyu na miti mingine ya asili inayopenda maji.

Yule mama alipanda miparachichi mipya juu kwenye mteremko, kila mche na tuta lake. Kule bondeni, ilikofia ile ya kwanza, tuliweka mikuyu, na katikati yake akapanda magimbi.