Mkojo Unaotoka Ukikohoa, na Upasuaji wa Ukanda: Maswali ya Akina Mama

Nikikohoa au nikicheka sana, mkojo unanitoka. Nina nini?

Kama unatoka pale tu unapokohoa, unapopiga chafya au unapojitwisha ndoo, na muda mwingine wote u mkavu, basi huenda misuli ya sakafu ya nyonga imelegea. Misuli hiyo ndiyo inayobeba kibofu na kuushikilia mrija wa mkojo. Ikibonyea kama kitanda cha kamba cha siku nyingi, mrija hukosa pa kuegemea, na tumbo likijikaza ghafla mkojo unapenya. Kuzaa kwa njia ya kawaida ndiyo sababu kubwa. Kukoma hedhi, unene, kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu huongeza tatizo.

Wengi hawasemi. Mama anavaa pedi mwezi mzima, anakwepa shughuli za watu, anahofia udhu kumtenguka akiwa kwenye sala. Wapo pia waliokwishameza dawa za UTI mara kadhaa bila hata kupimwa mkojo.

Nitajuaje kama si tatizo jingine?

Hapa pana uzito, kwa sababu ukanda, yaani utepe unaowekwa kwa upasuaji chini ya mrija wa mkojo, hutibu aina moja tu ya kuvuja: ule wa kukohoa na kucheka. Haja ikikubana ghafla na mkojo ukatoka kabla hujafika chooni, ni kibofu chenyewe kinachojikaza ovyo. Hilo linatibiwa kwa kukizoesha kibofu kusubiri na kwa dawa, na ukiwekewa ukanda kwa sababu hiyo utakuwa umepasuliwa bure. Wapo wenye yote mawili, na daktari lazima ajue lipi linamsumbua zaidi mgonjwa.

Mkojo unaotiririka mchana na usiku, hata ukiwa umelala, hasa ulioanza baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, unaelekea kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo hushonwa. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imekuwa ikitibu fistula bila malipo, kwa hiyo ukosefu wa pesa usikufungie ndani.

Kipimo kikuu hakihitaji mashine. Unalala kitandani kibofu kikiwa kimejaa, unaambiwa ukohoe, daktari anaangalia. Ni aibu ya dakika moja. Mkojo wako nao upimwe maambukizi, na iangaliwe kama kibofu kinabakiza mkojo baada ya kukojoa.

Ni lazima nipasuliwe?

Hapana, na daktari anayekimbilia kisu kabla hujajaribu mazoezi, muulize sababu. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, shikilia sekunde chache, achia kabisa. Fanya angalau mikazo 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 bila kuruka. Wengi hukosea kwa kukaza tumbo na makalio huku wamebana pumzi. Weka kiganja tumboni: likiwa gumu, unakaza misuli mingine. Wala usifanye zoezi hili kila siku ukiwa unakojoa, maana kibofu kinaweza kuzoea kubakiza mkojo.

Kupunguza uzito husaidia kweli. Ipo pia pesari, kifaa laini kinachovaliwa ukeni kuegemeza mrija.

Ukanda wenyewe ni kitu gani?

Ni utepe wa wavu wenye upana wa takriban sentimita 1, uliofumwa kwa nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini. Njia hii ilianzishwa katika miaka ya 1990 na madaktari Ulf Ulmsten wa Sweden na Peter Petros wa Australia. Daktari anachana kidogo ukeni, anaupitisha utepe chini ya mrija wa mkojo, kisha ncha zake zinapanda nyuma ya mfupa wa kinena na kutokea juu yake. Mwaka 2001 Emmanuel Delorme wa Ufaransa alieleza njia ya kuzipitishia kwenye mapaja, karibu na kinena. Utepe haushonwi, nyama huota ndani ya matundu yake na kuushika. Kazi huchukua kama nusu saa, kwa ganzi au nusukaputi.

Ufundi uko kwenye kutokaza. Madaktari wengi huingiza mkasi kati ya utepe na mrija ili nafasi ibaki. Ukikazwa sana, mama atashindwa kukojoa.

Aina ya pili haina plastiki. Daktari anakata kipande cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo au ya paja lako mwenyewe, anakitumia kama ukanda. Kidonda ni kikubwa zaidi na kupona huchukua muda, lakini ndiyo njia inayofaa kwa mwanamke aliyewahi kushonwa fistula na bado anavuja akikohoa, kwa kuwa wavu wa plastiki huitoboa kwa urahisi nyama yenye makovu.

Nasikia Uingereza wameupiga marufuku. Ni kweli?

Walisimamisha, hawakufuta. Julai 2018 England iliuwekea vizuizi vikali baada ya wanawake kulalamikia maumivu yasiyoisha, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wavu kutokeza ukeni. Ripoti ya 2020 ya Julia Cumberlege, aliyeongoza uchunguzi wa malalamiko hayo, ilisema wazi kwamba wanawake hao hawakusikilizwa. New Zealand ilisimamisha mwaka 2023. Marekani, mwaka 2019, ilizuia kuuzwa kwa nyavu kubwa za kushikilia viungo vinavyoshuka ukeni, lakini ukanda wa mkojo uliendelea kutumika.

Kwa maoni yangu ukanda bado ni tiba nzuri: katika wanawake 10, takriban 8 hupona au hupata nafuu kubwa. Ila kuutoa ni kazi ngumu kuliko kuuweka. Kabla hujasaini, muulize daktari ameshaweka kanda ngapi, atatumia plastiki au nyama yako, na pakiharibika nani atautoa.

Bado nataka kuzaa.

Subiri umalize. Mimba na uzazi vinaweza kurudisha tatizo.

Nikishafanyiwa?

Wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake, wakishakojoa vizuri. Wachache huondoka na mpira wa mkojo kwa siku chache. Kwa wiki 4 hadi 6 usibebe ndoo, gunia wala mtoto mzito, na tendo la ndoa lisubiri. Mume aelezwe mapema, ikiwezekana na daktari mwenyewe. Rudi hospitali upesi ukishindwa kukojoa, ukipata homa, damu nyingi au uchafu wenye harufu. Na hata baada ya miaka, ukihisi kitu kinakwaruza ukeni, au mume akilalamika kuchomwa, nenda ukaangaliwe.