Hiyo CRP ya juu imetoka wapi? Uliza ini

Juzi asubuhi kijana mmoja wa Kongowea alikuja pale dirishani kwetu maabara na kikaratasi cha mamake amekikunja mara nne hivi, akaniuliza, "Daktari, hii CRP 212 ndio nini? Na hii albumini 24 mmeipiga mshale wa kushuka, nimnunulie mayai?" (Hapa kila mwenye koti jeupe ni daktari, nishazoea.) Mamake alikuwa wodini, nimonia imemkamata vibaya.

Nikamwambia hebu kaa kwanza. Hiyo CRP (kirefu chake C-reactive protein) haitoki kwenye mapafu na wala si kidudu chenyewe, ni protini inatengenezwa na ini. Iligunduliwa 1930 huko New York na Tillett na Francis kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na hiyo herufi C ni ya kitu fulani kilichoko kwenye bakteria wa nimonia ambacho hii protini inakinasa. Mtu mzima wa afya kwa kawaida hafiki miligramu 10 kwa lita, sasa mama yuko 212.

Inakuwaje? Bakteria wakiingia kwenye mapafu chembe nyeupe zinapiga kelele kwa kemikali, kubwa yao ni intalukini-6, na kelele hizo zinasafiri na damu mpaka kwenye ini. Ini likisikia hivyo linabadilisha kazi yote, ni kama jiko la harusi pale mnapoambiwa wageni wa Lamu wameshashuka na hawajatarajiwa, mahamri yanaachwa, sufuria zote zinateleka pilau. CRP inaanza kupanda baada ya masaa sita hivi, kilele chake ni kama siku mbili. Kazi yake ni kugandana na bakteria na seli zilizokufa ili askari wa mwili wajue nani wa kuliwa.

Na mahamri yaliyoachwa ndio albumini, protini ya kila siku ya damu inayosaidia kushikilia maji ndani ya mishipa. Ini linapunguza kuitengeneza, halafu kwenye inflamesheni kali (mwili unapowaka kupigana na ugonjwa) mishipa inavuja na ile iliyoko inatoka nje ya damu, ndio unaona miguu imejaa maji. Kwa hivyo albumini kushuka ghafla hospitalini mara nyingi si njaa jamani, msiwalaumu wanaopika nyumbani.

Kuna jambo lingine mimi hunifurahisha sana, ini linaficha chuma. Bakteria wanapenda madini ya chuma kama paka na samaki, basi ini linatoa homoni inaitwa hepsidini ambayo inafunga milango, chuma cha chakula hakipiti vizuri kwenye utumbo na kilichoko stoo hakitoki. Ugonjwa ukikaa muda mrefu damu inapungua, na hapo jirani anakuja na dawa ya kuongeza damu, lakini huo mlango umefungwa makusudi, muulizeni daktari kwanza.

Tena ini haliwashi moto tu, linazima pia. Protini yake nyingine, haptoglobini, inaokota hemoglobini iliyomwagika seli nyekundu zikipasuka, kama kwenye malaria. Nyingine, alfa-1 antitripsini, inazuia vimeng'enya vya chembe nyeupe visile mapafu ya mwenyewe. Mizani hiyo ikiharibika, mwili ukaanza kujiumiza viungo vyake kwa sababu ya maambukizi, hiyo ndio sepsisi.

Sasa hapa tusikilizane. Mwenye ini lililochoka, la hepatitisi B au la pombe ya miaka, CRP yake inaweza isipande sana hata akiwa taabani, maana mpishi mwenyewe mgonjwa. Anayetumia dawa za kuzuia intalukini-6 ni hivyo hivyo. Kwa hivyo mgonjwa akipumua mbio, akachanganyikiwa, akawa hakojoi au ngozi imekuwa ya baridi yenye madoadoa, usiniletee habari ya kikaratasi kiko sawa, tafuta tuktuk twende hospitali sasa hivi.

Yule kijana alirudi baada ya siku tatu, CRP imeshuka hadi 90, kwa sababu ini likiacha kuitengeneza nusu yake inaondoka kwenye damu kwa masaa 19 hivi. Albumini bado 25, maana hiyo ni ya wiki, si ya siku. Mama kashaanza kuomba chai, na mkononi kijana ameshika trei ya mayai.