Kuchaguliwa tangu asili sio "siku yako ikifika imefika"

Kila nikigusa Warumi 9 darasani lazima mtu anyooshe mkono, "Mwalimu, sasa kama Mungu ameshachagua watu wake, tunahubiri ya nini?" Jamani nimechoka.

Shida watu wanachanganya fundisho hili, kwamba Mungu alichagua tangu mwanzo watakaookolewa, na ile ya vijiweni, mtu anapanda boda bila helmeti eti kama imeandikwa imeandikwa. Hakuna Mkalvini, yaani mfuasi wa John Calvin yule mwanamageuzi wa kanisa wa Geneva, anayejua anachosema atakufundisha hivyo, kwao Mungu akipanga mwisho anapanga na njia ya kufikia. Fungua Matendo 27, Paulo kaambiwa na malaika hakuna hata mmoja melini atakayekufa, ahadi kabisa hiyo, halafu mabaharia wanataka kutoroka na mashua anamwambia akida hawa wasipobaki humu hamponi! Angekuwa mtu wa kijiweni angelala zake. Na huyohuyo wa Warumi 9, sura inayofuata tu, 10:14, anauliza watasikiaje pasipo mhubiri. Sasa nyie mnaishia sura ya 9 kwa nini? Someni 9 mpaka 11 kwa mkao mmoja, chai itapoa lakini mtaelewa. Halafu Geneva ya Calvin ndiyo ilituma wachungaji mpaka Brazil mwaka 1556, na William Carey aliyeenda India 1793 alikuwa Mbaptisti wa Kikalvini, hao mbona hawakukaa nyumbani?

Eti Calvin ndiye kaanzisha. Wapi! Augustino, Mwafrika wa Hippo, Algeria ya leo, alishayaandika haya akayatetea mpaka akafa 430, Calvin kazaliwa 1509. Hata zile pointi tano zinazoitwa za Ukalvini ni majibu ya Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, 1618 hadi 1619, kwa wafuasi wa Arminius, mwanateolojia Mholanzi, Calvin yuko kaburini zaidi ya miaka 50.

Na Waarminio nao wanaamini kuchaguliwa, msiwasingizie. Wanachosema ni kwamba Mungu aliona mbele nani ataamini, ugomvi uko hapo kwenye msingi wa kuchagua.

Farao anayetajwa hapo Warumi 9 je, alionewa? Kutoka 8:15 kaufanya moyo mzito mwenyewe, 9:12 ni Bwana kaufanya mgumu, ila 4:21 Mungu alishasema mapema atafanya hivyo, kwa hiyo kila upande una mstari wake. Ukija kwangu na mmoja tu nakurudisha ukakae.