Kabla ya Kuchoma Dawa Gotini, Tuyaone Maji

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki yangu ya viungo huomba "ile sindano ya goti", wakimaanisha dawa ya kutuliza uvimbe, lakini mimi huanza na bomba tupu la sindano, la kuvuta maji ya kiungo, kwa sababu mara nyingi kinachotoka kina thamani kuliko kinachoingizwa.

Mzee mmoja, fundi cherehani, alikuja na goti lililojaa na lenye moto, hata kukanyaga mashine kulimshinda. "Daktari, ukiyatoa maji si goti litakauka?" Nikamweleza kwamba utando wa ndani ya kiungo hutengeneza ute mwingine, na kwamba yaliyojaa pale ni maji ya ugonjwa. Nikasafisha ngozi, nikatia ganzi, nikapitisha sindano upande wa nje, juu kidogo ya pia ya goti. Ute wa kiungo kizima huwa mwangavu na huvutika kama ute wa yai. Wake ulikuwa na ukungu na ulidondoka kama maji.

Maabara huhesabu chembe nyeupe: zikizidi 2,000 kwa kila mikrolita tunasema kuna uvimbe wa ndani, na zikipita 50,000 tunashuku usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha huja hadubini yenye mwanga uliochujwa, njia ambayo Daniel McCarty na Joseph Hollander waliitumia mwaka 1961 kuonyesha fuwele za yureti (chumvi ya asidi ya mkojo) katika viungo vya wagonjwa wa jongo, yaani gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na fuwele hizo. Ni vijiti vyembamba vyenye ncha kali, na ndivyo tulivyoviona kwa mzee wetu.

Hapo wengi wetu hushawishika kuchoma steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, papo hapo. Mimi nilisita, kwa kuwa jongo na maambukizi ya bakteria vinaweza kukaa katika goti moja, na steroidi ndani ya kiungo chenye bakteria ni hatari. (Ultrasaundi hunisaidia sana kuelekeza sindano kwenye nyonga au viungo vidogo, lakini haiwezi kuniambia kama maji yana vijidudu.) Nikampa kolchisini, dawa ya jongo ya kumeza, nikapeleka maji maabara yakaoteshwe, kuona kama bakteria watakua.

Aliporudi, hakuna kilichoota. Goti lilikuwa limepungua ila bado likiuma, nikachoma miligramu 40 za steroidi iitwayo triamsinoloni, nikamwonya kwamba maumivu huenda yakapanda kwa siku moja au mbili na, kwa kuwa ana kisukari, apime sukari kila siku wiki hiyo.