Kolabo ya vitani sio ujasusi jamani

Mara ya kwanza DJ wa muvi alipomwita kolabo jasusi nilinyamaza. Mara ya pili pia nikasema basi, ana haraka, anatafsiri huku anakimbizana na picha, neno likigoma kuja anashika la karibu. Ila sasa imekuwa kila muvi ya vita vya Hitler: mwenye koti refu jasusi, aliyempiga risasi jasusi, aliyepigwa naye jasusi, hadi mwenye duka aliyewauzia Wajerumani siagi naye jasusi. Juzi mdogo wangu katoka kibanda umiza kuangalia moja ya Wadenmark, anakuja kunihadithia, "broo, ni majasusi wanaua majasusi." Hapo nikaona hapana, leo tutaongea.

Maana kwanza, haraka haraka tusichoshane. Kolabo, kwenye habari za vita, ni mwenyeji wa nchi iliyotekwa ambaye anafanya kazi na walioiteka, kwa hiari yake, iwe kwa ajili ya hela, cheo, au kwa sababu anaamini kweli siasa zao. Aliyepanga foleni ya mkate chini ya utawala wa Wajerumani sio kolabo, na dereva wa treni aliyeendelea kuendesha treni yake kwa vile watoto wanataka kula, huyo naye tumuache. Kiswahili tuna neno kibaraka, wazee wetu walilitumia sana enzi za kudai uhuru, na linatosha kabisa. Mimi nang'ang'ania kolabo kwa sababu lina kisa chake, na kisa chenyewe ndio kinaonyesha kwa nini jasusi halifai pale.

Sisi tukisikia kolabo akili inaenda studio. Msanii wa hapa akipata kolabo na Mnaijeria mtaa mzima unajua. Sasa peleka neno hilohilo Ufaransa, mwite mzee wa watu "collabo" uone kama hujala kofi. Na ni neno moja, mizizi ileile ya Kilatini, kufanya kazi pamoja, basi. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wanaotumia Kifaransa ofisini wanalijua vizuri hili, bosi anasimama kwenye kikao anasema "wapendwa collaborateurs" na hakuna anayekasirika, kwa sababu likiwa refu hivyo ni wafanyakazi wenzangu tu. Likatwe libaki na ile "o" mwishoni, limekuwa tusi.

Lilichafukaje? Hapa ndio utamu. Juni 1940 Ufaransa imepigwa, tarehe 22 wanasaini kuacha vita, nchi inagawanywa na serikali mpya inakaa mji wa Vichy chini ya Marshal Pétain, mzee wa miaka 84, shujaa wa mapigano ya Verdun, vita ya kwanza ya dunia, mtu ambaye Wafaransa wengi walimuona kama babu wa taifa. Oktoba 24 mwaka huohuo akakutana na Hitler kwenye kituo cha treni cha Montoire, wakapeana mikono na picha ikapigwa. Siku sita baadaye akaingia redioni kuwaeleza wananchi, akasema kwa mdomo wake kwamba anaingia leo katika njia ya "collaboration", na kwamba anafanya hivyo kwa heshima. Umeelewa? Neno walijipa wenyewe! Hakuna adui aliyewabandika. Walilitoa kwenye hotuba wakijivunia, wapinzani wao walichofanya ni kulikata mkia na kuwarudishia.

Na hilo ndilo linalonikera na hii jasusi ya kila mahali. Jasusi hajitangazi redioni. Neno lenyewe tumelitoa Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kupapasa, kugusagusa kwa mkono kama mtu anayetafuta kitu gizani. Waliosoma madrasa wanaikumbuka ile aya ya Suratul Hujurat ya 12 inayokataza kuchunguzana, ni mzizi huohuo. Kwa hiyo jasusi kazi yake ni kupapasa gizani atafute habari, na siku akijulikana kazi imeisha. Kolabo ni kinyume chake kabisa, yuko mwangani, ana ofisi, ana gari, jina lake liko gazetini, anapiga saini. Philippe Henriot alikuwa waziri wa habari wa Vichy na alikuwa anahutubia redioni kila siku, sauti yake Ufaransa nzima inaijua, sasa huyo unamwitaje jasusi, alikuwa anamficha nani?

Wapinzani wa Vichy walimuua Henriot hukohuko Paris tarehe 28 Juni 1944, alfajiri, wakamfuata hukohuko anakolala, wizarani. Waliingia wakijifanya ni watu wa Milice, lile jeshi la Wafaransa lililoundwa Januari 1943 kuwasaka Wafaransa wenzao. Najua mtu ataniambia hapa, si umeona, wamejificha, kwa hiyo ni majasusi. Hapana. Mwizi akivaa sare ya fundi umeme ili afunguliwe geti hajawa fundi umeme. Walijificha kwa dakika chache wapite mlangoni, hawakwenda kutafuta habari, walikwenda kuua. (Na malipo yalikuwa makali, tarehe 7 Julai Milice wakamtoa gerezani Georges Mandel, waziri wa zamani, Myahudi, wakamuua.)

Hata sheria iliona tofauti hiyo. Ufaransa ilipokombolewa, wale wakubwa walishtakiwa kwa kifungu cha 75, kile cha kuwa na mawasiliano na adui, huo ni uhaini na adhabu yake ni kifo. Lakini wakakuta kuna maelfu ya watu ambao hawakumpelekea Mjerumani siri yoyote, walijiunga tu na vyama vyake, wakampigia debe, wakavaa sare. Hawa unawafunga kwa lipi? Ikabidi kosa litengenezwe upya Agosti 1944, likaitwa kukosa hadhi ya utaifa: ukipatikana nalo unapoteza haki ya kupiga kura, utumishi wa serikali ndio basi, kufundisha hufundishi, uwakili hufanyi. Kama kolabo na jasusi wangekuwa kitu kimoja, wanasheria wasingejisumbua hivyo.

Turudi kwa Wadenmark wa mdogo wangu maana wao wana tatizo tamu zaidi. Wajerumani waliingia Denmark tarehe 9 Aprili 1940, na serikali ya Denmark ikabaki madarakani, ikaendelea kutawala chini yao mpaka Agosti 29, 1943. Siasa hiyo wenyewe wanaiita ya "samarbejde", yaani kufanya kazi pamoja, ni kolabo ileile ila kwa Kidenmark, na ni neno wanalotumia mpaka leo kwa ushirikiano wa kawaida tu, hata wa shuleni. Sasa kama serikali nzima ilikuwa kwenye "samarbejde", utamwita nani mbaya? Wakashika neno lingine, "stikker". Linatokana na kuchoma, kama kuchoma kitu chenye ncha. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu, kwa sababu na sisi mtaani mtu akikupeleka kwa mwalimu au polisi tunasema kanichoma. Kuchoma kisu, kuchoma sindano, kumchoma mshkaji. Watu wa baridi huko na sisi wa joto tumefika palepale bila kuulizana.

Stikker basi ni mchomaji, snichi, mtu anayewanong'oneza Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, kwamba nyumba namba fulani kuna silaha. Huyu ndiye aliye karibu na jasusi kuliko wote, nakubali, anajificha na anauza habari, lakini kuna wengi ambao hakuna aliyewatuma wala kuwafundisha kazi, ni jirani mwenye kinyongo au mwenye njaa ya hela. Makundi ya siri ya Wadenmark waliopinga Wajerumani, kama Holger Danske, yaliwaua wachomaji hao, kwa jumla inatajwa kama watu 400 hivi. Wawili waliojulikana zaidi ni Bent Faurschou-Hviid, aliyeitwa Flammen, mwali wa moto, kwa nywele zake nyekundu, na Jørgen Haagen Schmith, aliyeitwa Citronen kwa sababu alifanya kazi gereji ya Citroën na hukohuko alikuwa anaharibu magari ya Wajerumani. Wote wawili hawakuuona mwisho wa vita. Citronen aliuawa kwa risasi Oktoba 15, 1944, na siku tatu baadaye Flammen akazingirwa na Gestapo, akameza sumu.

Na si kila waliyemuua alikuwa mchomaji kweli, Wadenmark wenyewe wameandika sana kuhusu waliouawa kwa makosa. Hapo nadhani ndipo neno linapokuwa na uzito. DJ akisema "jasusi kauawa" watazamaji wanapiga makofi, jasusi anajua hatari ya kazi yake. Akisema "mtu aliyeshukiwa kuchoma wenzake kauawa", kibanda kizima kitauliza, alishukiwa na nani?

Wapo wanaochanganya kweli, sitaki kuonekana mkorofi. Mathilde Carré alikuwa kwenye mtandao wa kupeleka habari London, jasusi kabisa wa upande uliopigana na Hitler, alipokamatwa Novemba 1941 akageuka, akawataja wenzake na akawasaidia Wajerumani kutuma London ujumbe wa uongo kwa redio. Huyo ni jasusi na ni kolabo pia, chukua yote mawili. Alihukumiwa kifo 1949 ila hakuuawa, akaachiwa 1954. Lakini ni mmoja huyo, huwezi kumchukua yeye ukawapaka rangi wote.

Kwa wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, babu zetu wa keya, lile jeshi la mkoloni Mwingereza (KAR), kuanzia Septemba 1942 walipigana Madagascar na jeshi la hiyohiyo serikali ya Vichy, wakawafukuza kusini mpaka gavana akasalimu amri Novemba. Mbele yao hakukuwa na jasusi, kulikuwa na askari wenye sare na bendera ya Ufaransa, wanaotii babu wa Montoire.

Kwa hiyo DJ wangu, sikugombezi, kazi yako naipenda na muvi bila wewe inapooza. Ila akianguka yule mwenye ofisi na gari, sema kibaraka, au kolabo kama huogopi vijana kudhani alitoa nyimbo. Akianguka jirani mnong'onaji sema mchomaji, kibanda kizima kitakuelewa. Yule mwenye nywele nyekundu na bastola ni mpiganaji. Jasusi ni yule dada mwenye redio ndani ya sanduku, bado hajatokea, msubiri.