Rangi za faiba: yanayosemwa vijiweni Tanga na yalivyo

Vijiweni Ngamiani, mazungumzo ya Coastal Union yakipoa huja ya intaneti: nani kavutiwa faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, nani bado anahangaika na bando. Yanayohusu nyumbani mengi ni sahihi. Yakifika kwenye mikongo inayounganisha miji, chumvi inazidi.

"Kila kipande cha mkongo kikiwa na rangi tupu, njia ipo"

Hii ndiyo inayopotosha zaidi, hata mafundi. Ni kweli kwamba unyuzi mmoja wa kioo hupitisha mawimbi mengi ya mwanga kwa pamoja, kila moja na urefu wake, na wahandisi huyaita rangi; rangi tupu ni ile isiyotumika bado. Mkanda unaotumika sana, takriban nanomita 1530 hadi 1565, ukigawanywa kwa nafasi za gigahezi 50 hutoa rangi kama 80 hadi 96. Lakini mwanga ulioondoka Tanga na rangi fulani huenda nayo hiyohiyo mpaka mwisho wa safari, isipokuwa pawe na kifaa cha kuibadili njiani. Abiria wa basi akifika Segera anaweza kuhama siti namba 5 akakaa namba 9. Mwanga hauhami.

Tufanye hesabu ya karatasini. Matawi matatu yanakutana Segera: la Tanga, la Chalinze na la Moshi. Kila tawi lina rangi mbili, tuziite nyekundu na buluu. Zinatakiwa njia tatu: Tanga–Chalinze, Tanga–Moshi na Moshi–Chalinze, kila moja na rangi ileile kwenda na kurudi. Kila tawi litabeba njia mbili tu, na rangi ni mbili. Zinatosha?

Hazitoshi. Tanga–Chalinze ikichukua nyekundu, Tanga–Moshi haina budi kuchukua buluu, maana zote mbili zinapita tawi la Tanga. Ikija Moshi–Chalinze inakuta buluu imeshikwa upande wa Moshi na nyekundu imeshikwa upande wa Chalinze. Inakataliwa, ilhali tawi la Moshi lina nyekundu tupu na la Chalinze lina buluu tupu. Nafasi zipo, ila hazilingani. Weka kibadili rangi kimoja hapo Segera, na zote tatu zinapita.

"Basi wafunge vibadili kila kituo"

Wenye kulipa bili hawatakubali. Kwa kawaida, kubadili rangi ni kuugeuza mwanga kuwa umeme kisha kuurusha upya kwa leza nyingine, na hilo hufanywa kwa kila rangi peke yake. Vikuza-mwanga vyenye metali ya erbi, kinyume chake, hukuza rangi zote kwa mkupuo zikiwa bado mwanga. Ndiyo maana vituo vingi vya kisasa huuacha mwanga upite bila kuugusa, na vibadili huwekwa vichache, kwenye makutano yenye msongamano.

"Njia fupi ndiyo bora, na kompyuta kubwa itamaliza mengine"

Kwa ombi moja la njia, mara nyingi njia fupi inafaa: inashika vipande vichache na mwanga haufifii sana. Ila ukiyapa maombi yote njia fupi, Segera itajaa huku mzunguko wa pwani, Pangani hadi Bagamoyo, kama nao ungekuwa na mkongo, ukikaa bure. Njia na rangi hupangwa pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwaka 1992 watafiti Chlamtac, Ganz na Karmi walionyesha kuwa tatizo hili ni NP-kamili: hakuna anayejua kanuni ya kulitatua kikamilifu na kwa haraka kwa kila mtandao. Mtandao mdogo kompyuta huumaliza. Mkubwa hupangwa kwa kanuni za kukadiria, na mojawapo naipenda kwa uvivu wake: zipe rangi namba, kisha kila ombi lipewe namba ndogo kabisa iliyo tupu njia nzima. Inafanya kazi vizuri kwa sababu inabana matumizi kwenye namba za chini, na za juu zinabaki wazi toka mwanzo hadi mwisho wa njia ndefu.

"Rauta yangu nayo huchagua rangi"

Hapana. Kwenye faiba ya nyumbani ya aina iliyoenea, data inashuka kwa nanomita 1490 na kupanda kwa 1310, basi. Tena usichungulie ncha ya waya: mwanga huo jicho haliuoni, lakini leza yenye nguvu inaweza kulidhuru.

"Tumelipia rangi mbili, kwa hiyo tuna njia ya akiba"

Rangi mbili ndani ya unyuzi mmoja hukatika kwa pigo moja la katapila. Hata nyaya mbili zinaweza kulala mtaro mmoja kandokando ya barabara ya Segera, mkataba ukiziita njia mbili. Kabla ya kusaini, omba uonyeshwe ramani ya mitaro.